Mambo ya kuzingatia kabla mzigo haujatoka Mbeya kwenda Zambia au Malawi

Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma, mpakani na Zambia, ni kilomita mia na ushee tu, ndiyo maana wengi huuchukulia mzigo wa Zambia kama mzigo wa Vwawa, hapahapa nchini. Kabla hata hujatafuta lori, jiulize: nchi ninakopeleka, Tanzania iko nayo kwenye jumuiya ipi? Sisi tumo Jumuiya ya Afrika Mashariki na tumo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, tulijitoa mwaka 2000. Zambia na Malawi wamo COMESA na SADC, Afrika Mashariki hawamo. Kwa hiyo tunakutana nao SADC, na cheti cha uasili kitakachokuondolea ushuru pale Nakonde, upande wa Zambia, au Songwe, upande wa Malawi, ni cha SADC. Cheti cha Afrika Mashariki ulichopitishia mchele Namanga, mpaka wa Kenya, mwaka jana hakina kazi huku. Mwambie hivyo wakala wako wa forodha mapema, maana wapo wanaojaza fomu kwa mazoea.

Cheti hicho hutolewa na TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, na kinathibitisha kwamba bidhaa imezalishwa kweli hapa kwetu. Mpunga uliolimwa Mbarali au Kyela na kukobolewa hapahapa hauna shida. Shida ni ya anayenunua mchele ulioshushwa bandarini kutoka Asia, akaupaki upya Mbeya na kuupeleka Zambia. Kubadilisha gunia hakubadilishi uasili, na akibainika analipa ushuru kamili kama mtu asiye na jumuiya. Ujue pia kuwa soko huru la SADC, lililozinduliwa mwaka 2008, linagusa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani na ada za huduma mpakani zinabaki palepale, ziweke kwenye hesabu zako mapema.

Uzito nao unawaumiza watu. Tuseme ankara inasomeka gunia 300 za kilo 100, cheti kimeandikwa kilo 30,000, lakini gunia zenyewe zilifungwa lumbesa kijijini, yaani zilijazwa kupita kipimo. Lori likipanda mizani, zinaonekana tani ambazo haziko kwenye karatasi yoyote. Hapo utaeleza hadi uchoke. Pima upya ghalani, fungasha kwa kilo sawa, ndipo uandike ankara. Cheti kifuate ankara, na jina la bidhaa lifanane neno kwa neno kwenye kila karatasi.

Vibali vina mpangilio wake. Mnunuzi wako wa upande wa pili ndiye anayeanza, kwa kuomba kibali cha kuingiza kwao. Kibali hicho ndicho kinachosema mzigo unatakiwa kukidhi nini, na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wanakagua na kutoa cheti cha afya ya mimea wakiangalia masharti hayo. Ukianza na ukaguzi halafu kibali kikaja na sharti jingine, umepoteza siku na hela. Kibali cha Wizara ya Kilimo cha kupeleka mazao nje kishughulikie wakati huohuo, usisubiri lori lifike Mpemba, karibu na Tunduma, likute foleni.

Sasa lile ambalo karatasi haziwezi kulizuia. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza bidhaa kadhaa kutoka nje, ukiwemo mchele, unga, ndizi na tangawizi. Sisi sote ni SADC, na bado mlango ulifungwa. Afrika Kusini nayo ilikuwa na zuio la muda mrefu juu ya ndizi zetu. Aprili ya mwaka huohuo Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kuzuia mazao ya nchi hizo mbili kuingia Tanzania, na kabla mwezi haujaisha zuio hilo likaondolewa ili kupisha mazungumzo. Kwa maoni yangu serikali ilikuwa na haki ya kujibu, lakini mazungumzo ya mawaziri hayamlipi mwenye lori lililoegeshwa Kasumulu, mpakani na Malawi. Itifaki ya biashara ya SADC yenyewe inaacha mwanya wa nchi kulinda viwanda vyake vichanga, na hoja ya wadudu na magonjwa ya mimea haikosekani.

Kwa hiyo usinunue mzigo kwa habari za mwezi uliopita. Wiki ya kupakia, mpigie wakala aliyeko mpakani na mnunuzi wako, uwaulize wote wawili swali lilelile: leo bidhaa hii inapita? Majibu yakitofautiana, usipakie. Mchele ukikwama unaweza kurudi Mbeya ukauzwa, hata kwa hasara. Ndizi za Rungwe hazina subira hiyo, hivyo dai malipo ya awali kabla hazijakatwa, na muandikishane nani anabeba gharama za lori likilala mpakani.