Kabla hujapandikizwa kifaa cha kutuliza maumivu: yaweke sawa haya na Mfuko wa Fidia

Mgongo ulioumia ukipakia magogo Mufindi, au ndani ya shimo la dhahabu Chunya, unaweza kuunga mfupa na maumivu yakabaki palepale. Vidonge vinafika mahali havisaidii tena. Ndipo daktari bingwa anapotaja kifaa cha kupandikiza: kichocheo kinachopeleka umeme mdogo kwenye uti wa mgongo, au pampu inayoingiza dawa kidogokidogo humohumo. Upasuaji huisha siku hiyohiyo, lakini kifaa utaishi nacho miaka. Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, jua nani atakihudumia mwaka wa tatu na wa tano.

Anza na madai yenyewe. Tanzania Bara, fidia ya aliyeumia kazini iko chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sheria Sura 263, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Ukikuta mshahara wako umekatwa kwa jina la mfuko huo, hoji. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku 7 za kuitaarifu WCF, na madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12. Bosi akisuasua, nenda mwenyewe au mtume ndugu. Tafadhali usimwonee haya mtu huku miezi inayoyoma. Tunza cheti cha hospitali ya kwanza uliyopelekwa chenye tarehe, PF3 (fomu ya polisi) kama ilikuwa ajali ya barabarani, na ushahidi wa kipato. Kibarua wa chai asiye na slipu ya mshahara atunze meseji za malipo ya simu na majina ya waliokuwa naye shambani.

Sasa jambo zito. Mfuko hulipia matibabu kwa muda usiozidi miaka 2 tangu ajali, na kuongezewa muda ni mpaka Mkurugenzi Mkuu wa mfuko aridhike kwamba matibabu zaidi yatakupunguzia ulemavu. Kwa mtu wa maumivu sugu miaka hiyo huisha akiwa bado anazungushwa kliniki. Kwa hiyo mwombe daktari barua inayoeleza ajali ile ilivyoleta maumivu haya, tiba zilizojaribiwa zikashindikana, betri hudumu muda gani, na utahitaji kurudi mara ngapi. Ipeleke mapema, na jibu ulipate kwa maandishi kabla ya kupanda basi kwenda kupandikizwa. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na mgonjwa wa mgongo hasafiri peke yake. Uliza pia habari ya nauli na msindikizaji.

Ukiwa hujaweza kurudi kazini, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Baadaye hupimwa ulemavu wa kudumu: asilimia 30 kushuka chini hulipwa mkupuo, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Kichocheo hutanguliwa na majaribio ya siku chache, waya zikiwa ndani na betri nje. Madaktari wengi huendelea tu kama maumivu yamepungua angalau nusu. Siku hizo andika kila jioni: umelala saa ngapi, umetembea hadi wapi. Daftari hilo litakusaidia hata mbele ya mfuko. Ukishapandikizwa, wiki kadhaa za mwanzo hakuna kuinama, kujipinda wala kubeba ndoo ya maji, kwa sababu waya zinaweza kuhama. Nyumbani wapange mapema nani atachota. Betri ya kuchaji inataka umeme wa uhakika, kwa hiyo wa kijijini aulizie ile isiyochajiwa, akijua itabadilishwa kwa upasuaji mwingine. Dereva wa lori na fundi wa kuchomelea wamwambie daktari kazi yao waziwazi, maana kazi zote mbili zina makatazo yake.

Aliyewekewa pampu ana sharti lisilosubiri: dawa hujazwa kila baada ya miezi kadhaa, na ile ya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ikikatika ghafla inaweza kuua. Tarehe ya kujaza aijue mke, mume au mtoto mkubwa. Kadi ya kifaa itembee nawe, na kwenye chumba cha MRI au cha fiziotherapia iwe ya kwanza kutoka mfukoni. Mashine ya dayathemia, ile ya kupasha mwili joto, ikiwashwa juu ya waya za kichocheo huunguza mwili kwa ndani.