Filamu Ulizozipenda Utotoni: Namna ya Kuzipima Upya

Mtu aliyekulia Kamalondo au Katuba, mitaa ya Lubumbashi nchini Kongo, akitazama filamu za karate na za Kihindi kwenye chumba cha video, kisha leo zikamchosha kabla hazijafika katikati, asiharakishe kujisifu kwamba amekomaa. Huenda kilichobadilika ni namna ya kutazama tu: zamani mabenchi yalijaa, watu walishangilia, na aliyekwisha kuiona filamu aliwasimulia wenzake yatakayotokea, leo yuko peke yake na simu mkononi, sauti ameipunguza ili watoto wasiamke.

Kabla ya kuirudia filamu ya zamani, andika kwenye daftari yote unayoyakumbuka, pamoja na mahali ulipoitazama na watu uliokuwa nao. Usiahirishe kazi hiyo, kwa sababu ukishaitazama tena, picha mpya hufunika zile za kwanza na huwezi kuzitenganisha. Kisha itazame mara mbili, kwanza peke yako, halafu pamoja na watu wa rika lako. Ikikuchosha ukiwa peke yako lakini ikakuchangamsha mbele ya wenzako, basi ulichokipenda kilikuwa baraza zaidi kuliko filamu, wala hilo si aibu. Ikikuchosha mara zote mbili, hapo tunaweza kusema umebadilika.

Chunguza pia macho yako yanamfuata nani. Katika filamu ya Kihindi ya saa tatu, mtoto huvumilia nyimbo akingojea ngumi, ilhali mtu aliyekwisha kulea hujikuta akimtazama mama anayeuza bangili zake. Lugha nayo ina uzito: filamu iliyotiwa sauti za Kifaransa, ukiipata katika lugha yake ya asili, yaweza kuonekana kama nyingine kabisa.

Filamu zilizokushinda kuzielewa nazo, zivumilie. Mfano mzuri ni “Augure” ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyopata tuzo mjini Cannes mwaka 2023: inafuata watu wanne wanaodhaniwa kuwa wachawi, na aliyezoea hadithi iliyonyooka huenda akapotea humo. Usijilazimishe, iache hata mwaka mzima. Utakapoirudia, andika ni nani kati ya hao wanne uliyemfuata kwa karibu zaidi, na iwapo si yule wa mara ya kwanza, jiulize ni jambo gani limekupata katikati.