Appa za Sri Lanka: kazi yote iko kwenye rojo

Jirani yangu, fundi wa vibibi (vile vimkate vya mchele na nazi), aliniomba nimwelekeze kupika appa, mkate mwembamba wa mchele wenye umbo la bakuli: kingo kavu, katikati laini. Sri Lanka huliwa asubuhi na jioni.

1. Roweka vikombe viwili vya mchele mweupe kwa saa nne au tano. Unga wa dukani siupendi kabisa, appa zake huwa nzito.

2. Saga na vijiko viwili vya wali na maji kiasi, mpaka usihisi chenga vidoleni.

3. Umua. Asili yake huumuliwa kwa tembo la mnazi. Siku hizi wengi hutumia hamira. Nusu kijiko cha chai yatosha, pamoja na kijiko cha sukari. Ukiizidisha rojo litaumuka upesi, ila utakula hamira tupu. Funika kwenye bakuli kubwa kwa saa nane hivi. Penye baridi, liache usiku kucha. Likiwa tayari lina mapovu na harufu ya uchachu mwepesi. Tui usilitie mapema, litaharibika kwa joto. Tia kikombe cha tui zito na chumvi wakati huu, kisha subiri nusu saa.

Sasa uzito, na hapa ndipo wapishi wa vibibi hukwama. Rojo la appa ni jepesi zaidi ya la vibibi. Pika moja ya kujaribu. Kingo zikiwa nene, ongeza tui jepesi kijiko kwa kijiko. Rojo likiteleza lote chini, usikimbilie kuongeza unga: sikiliza kwanza. Kama halikuchachatika lilipogusa karai, karai halijapata moto. Kama lilichachatika na bado likateleza, hapo ndipo rojo ni jepesi mno.

4. Pangusa karai dogo lenye kina kwa kitambaa cha mafuta, moto wa wastani. Mimina upawa mmoja, zungusha karai mara moja, funika dakika mbili au tatu. Haigeuzwi.

5. Ukitaka ya yai, livunje katikati kabla ya kufunika.

6. Kitoweo chake ni lunu miris: vitunguu vyekundu, pilipili kavu, chumvi, ndimu na umbalakada, yaani jodari wa Maldivi aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa. Twanga kwenye kinu. Blenda huitoa maji.