Kazi ya pamoja mlimani ianze kabla ya mvua

Shamba la mlimani haliishii mpakani. Mvua ikipiga, maji ya aliye juu humshukia wa chini, na udongo pia. Ndiyo maana watu wa milimani hulimiana tangu zamani: Wapare na Wachaga wana msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wakulima wa milima ya Andes wana ayni, ambapo siku ya kazi hulipwa kwa siku ya kazi. Kosa letu ni kuitana baada ya maporomoko, kuchimbua matope. Itaneni wiki kadhaa kabla ya mvua kubwa.

Anzieni juu. Mkichimba mtaro katikati ya mteremko ilhali wa juu hana, mvua moja inaujaza na kuupasua, na mtaro uliopasuka huacha korongo baya kuliko la mwanzo. Kwa hiyo zamu isifuate nani anaweza kuwapikia wafanyakazi, ifuate mteremko. Makingamaji ya fanya juu kwa kawaida huchimbwa sm 60 upana na sm 60 kina, udongo ukirushwa upande wa juu. Tuta lioteshwe majani ya malisho au nyasi ya vetiva mapema, maana tuta tupu halimalizi msimu.

Macho hudanganya mlimani, hivyo mstari wa mtaro upimwe. Fungeni fito tatu zikae kama herufi A, mning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Chora uzi ulipogusa fito ya katikati, geuza fremu ili miguu ibadilishane nafasi, chora tena. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa: uzi ukigusa hapo, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Mtaro wa kutoa maji uinamishwe kidogo tu, umalizikie kwenye mkondo wenye majani au mawe, si kwa jirani.

Mkiona ufa ardhini, miti imeanza kuinama au chemchemi imegeuka tope ghafla, pigilieni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, mpime nafasi kati yavyo kila asubuhi. Ikiongezeka, ondokeni. Tokeni kwa pembeni, msishuke bondeni ambako tope ndiko linakoelekea.

Mbegu nazo zisilale ghala moja, maporomoko yasije yakazizoa zote. Peleka sehemu kwa ndugu wa ng'ambo ya bonde, nawe umtunzie zake.

Utaratibu wa kulipana siku ya kazi kwa siku ya kazi hukwama kwa mzee au mgonjwa asiyeweza kushika jembe. Nimeona shamba la namna hiyo likirukwa kimyakimya, na maji yakapata mlango hapohapo. Mchimbieni kama wengine. Yeye ashike daftari la zamu au apime ule ufa kila asubuhi, na kazi hiyo ihesabiwe kuwa siku zake.