SOMO: Namna ya kupata makala kamili za majarida kupitia maktaba ya chuo, bila kulipa dola

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa tasnifu ukifika napokea ujumbe uleule: "Makala nimeiona, ila wanataka dola 40." Wengine hawaulizi hata kidogo. Wanasoma ikisiri (ule muhtasari wa mwanzo wa makala), wananukuu kana kwamba wamesoma yote, na msimamizi akiuliza "ukurasa wa ngapi?" wanaanza kukohoa.

Siwacheki. Nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili nilimwomba shemeji yangu aliyeko nje anilipie makala kwa kadi yake. Mwezi uliofuata mkutubi akanionyesha makala ileile imo kwenye hifadhidata ambayo chuo changu kilikuwa kinailipia. Mpaka leo shemeji hajui.

Kosa langu lilikuwa mlango. Ukifika kwa mchapishaji moja kwa moja kutoka Google, anakuona mpita njia, anakutajia bei. Ukifika kupitia maktaba ya chuo chako, anakuona mtu ambaye ameshalipiwa.

Tuchukue mfano mmoja. Unaandika kuhusu Vita vya Majimaji, na kitabu unachosoma kimetaja makala ya John Iliffe, "The Organization of the Maji Maji Rebellion", katika The Journal of African History, juzuu la 8, toleo la 3, 1967, uk. 495–512.

HATUA YA 1: Soma rejeleo lenyewe kwanza.
Hapo kuna majina mawili: la makala na la jarida. Wengi huchukua jina la makala, wakaliandika kwenye katalogi ya maktaba, wakaambiwa hakuna, wakafunga kompyuta. Katalogi nyingi zinajua majina ya vitabu na majarida tu, hazijui makala zilizomo ndani. Kwa hiyo kwenye katalogi tafuta The Journal of African History.

HATUA YA 2: Ingia kwa mlango wa maktaba.
Fungua tovuti ya maktaba yenu, tafuta sehemu ya rasilimali za kielektroniki. Ukiwa chuoni kwenye Wi-Fi ya chuo, mara nyingi huulizwi kitu, kwa sababu mchapishaji anaitambua anwani ya mtandao wa chuo. Ukiwa nyumbani Mbagala anwani hiyo huna, basi lazima uingie kwa namba ya usajili na nywila ya maktaba. Nywila hiyo si lazima iwe ile ya kuangalizia matokeo! Kama hujawahi kupewa, nenda kaunta ya maktaba ukaombe. Ni kazi ya dakika tano, ila watu wanaikwepa miaka mitatu.

Dalili kwamba umepita vizuri: kwenye kurasa nyingi za mchapishaji utaona jina la chuo chenu juu. Usipoliona, bado wewe ni mpita njia.

HATUA YA 3: Angalia miaka.
Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Kuwa na jarida si kuwa na miaka yake yote. JSTOR, kwa mfano, ambayo ni hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, ina nguvu kwenye matoleo ya zamani. Kwa majarida mengi, miaka michache ya karibuni haimo, na mpaka huo unasogea mbele kila mwaka. Hifadhidata nyingine hukupa ikisiri mara tu makala inapotoka, ila makala kamili unaisubiri mwaka mzima. Makala yetu ni ya 1967, kwa hiyo JSTOR ndiyo pa kuanzia kama chuo chenu kinayo. Ungetaka ya mwaka jana, ungeanzia kwa mchapishaji mwenyewe, ambaye kwa jarida hili ni Cambridge.

Ukifika kwenye jarida, fungua juzuu la 8, toleo la 3, shuka mpaka uk. 495. Pakua. Basi.

HATUA YA 4: Kama huna rejeleo, una mada tu.
Mashine haijui unachomaanisha, inajua ulichoandika. Vita hivi vimeandikwa Maji Maji, Majimaji na Maji-Maji. Ukiandika namna moja, unaziacha zilizoandikwa namna nyingine. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha hifadhidata andika hivi: "Maji Maji" OR Majimaji. Alama za nukuu zinayashika maneno pamoja. Bila hizo unaweza kuletewa makala za miradi ya maji. Ukitaka kupunguza, yafunge hayo kwenye mabano kwanza, kisha ongeza AND na neno jingine, mfano: ("Maji Maji" OR Majimaji) AND Songea. Hizo OR na AND ziandike kwa herufi kubwa.

HATUA YA 5: Ikishindikana kote.
Nakili DOI, ile namba inayoanza na 10, uibandike baada ya doi.org/ upate ukurasa halisi wa makala. Kisha tafuta jina la makala kwenye Google Scholar. Upande wa kulia ukiona PDF, kuna nakala ya wazi mahali fulani. Wanaotumia kompyuta waweke Unpaywall kwenye kivinjari, inazitafuta nakala hizo yenyewe. Mwisho kabisa, mwandikie mwandishi. Barua pepe yake mara nyingi iko chini ya ikisiri, na zile dola 40 haziingii mfukoni mwake, kwa hiyo wengi hutuma kwa furaha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi ni wa uuguzi. Chuo chetu ni kidogo, hakina hela za JSTOR wala nini.
Jibu: Muulize mkutubi kama mmesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Una sehemu tano. Hinari ya afya ilianza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ikafuata AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Taasisi za Tanzania hazilipii. Ila anayejisajili ni chuo, si wewe.

Swali: Kuna mtu anayo nywila ya Hinari aitupie hapa tusaidiane?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Wachapishaji wakiona upakuaji usio wa kawaida, wanaweza kufungia chuo kizima. Na wewe unayepakua toleo zima kwa mkupuo "nitasoma baadaye", ujumbe huu ni wako pia.

Swali: Nimehitimu, akaunti imefungwa. Nifanyeje?
Jibu: Nenda maktaba kwa miguu. Mikataba mingi inaruhusu mtu aliyeingia jengoni kusoma kwenye kompyuta za pale. Ukiwa nyumbani, JSTOR ina akaunti binafsi ya bure ya kusoma makala mtandaoni, na AJOL (African Journals Online) ina majarida ya Afrika, mengi yakiwa wazi.

Swali: Mada yangu ni fasihi ya Kiswahili. Huko kote naletewa Kiingereza tu.
Jibu: Dada, anzia kwenye tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utayakuta majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika. Kisha Swahili Forum ya Ujerumani, iko wazi. Na tafuta kwa maneno yote mawili, Kiswahili na Swahili.

Swali: Mwandishi amenitumia faili la Word, halina namba za kurasa za jarida. Ninukuu vipi?
Jibu: Hiyo ni rasimu kabla ya kupangwa kurasa. Isome yote, uweke alama unapotaka kunukuu, kisha umtumie mkutubi hizo sentensi mbili tatu akutazamie kurasa kwenye nakala iliyochapwa. Usinukuu kurasa za Word.