Uzito wa asubuhi na moyo unaoshindwa kusukuma damu

Kwa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi wanaomuuguza mzee aliyeambiwa kuwa moyo wake umeshindwa kufanya kazi, ningependa mfahamu kwamba kauli hiyo haimaanishi moyo umesimama, bali unasukuma damu kwa nguvu isiyotosha, ndiyo maana maji hujikusanya miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Mpimeni uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajanywa chai, kwa mizani ileile, kisha mwandike namba hiyo kwenye daftari. Akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku tatu, hayo ni maji wala si kunenepa, na inafaa aonwe na daktari siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Dalili ambayo naona hupuuzwa mno ni ya usiku: mgonjwa aliyezoea kulalia mto mmoja anaanza kuomba miwili au mitatu, au anashtuka usingizini akihema na kutaka akae dirishani, na watu wa nyumbani wakadhani ni joto la pwani tu. Akikosa pumzi hata akiwa ameketi, apelekwe hospitali mara moja.

Papa mkavu na ng'onda (samaki waliokaushwa), vitoweo tuvipendavyo huku kwetu, vina chumvi nyingi inayofanya maji yabaki mwilini. Afadhali apikiwe samaki mbichi kwa ndimu na tangawizi.