Ukienda kutazama ngoma Tukuyu, wahi moto wa ngoma

Wengi hufika kwenye matamasha ya ngoma huku Rungwe, mkoani Mbeya, saa ambayo mgeni rasmi anaingia. Wewe fika asubuhi, uzunguke nyuma ya uwanja. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ule hulegeza ngozi ya ngoma. Basi utawakuta wazee wameziegemeza karibu na moto wa majani makavu. Mmoja anagonga kwa vidole, anasikiliza, anairudisha tena motoni mpaka sauti ikaze. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wenyewe, na ndipo watu wana nafasi ya kuzungumza.

Salimia kwanza kwa Kinyakyusa: “Mugonile.” Ukipewa kitu, sema “Ndaga fijo,” yaani asante sana. Utaona nyuso zinavyofunguka! Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa kwa bibi zetu.

Beba sweta, viatu vya matope, na noti ndogondogo za kuwatuza wachezaji. Mama lishe wakiwa na mbalaga, ndizi zetu za kupika, kula zingali moto.